Watu Wawili wa Chumba cha Nne

Garissa, Ijumaa alasiri, 1966

Joto la leo halina adabu. Mabati yanalia ta, ta, ta tangu saa nne asubuhi, na upepo unaoingia una moto kuliko hewa ya ndani. Mlango nimeuacha wazi, vumbi linatua kwenye karatasi, kila mstari nikiandika naupuliza. Nimekaa kitandani, nimesimama, nimekunywa maji, nimekaa tena. Sikai, sisimami. Nina jambo la kukiri, na tangu Jumatano nimekuwa nikilizunguka tu.

Nianze na nyumba yenyewe, maana yote yametoka humo.

Ni nyumba kuukuu. Wanaojua wanasema aliijenga mfanyabiashara mmoja Mwarabu zamani sana, akaiuza akaenda zake, na leo ni mali ya Ayeyo Halimo. Ayeyo maana yake nyanya kwa Kisomali, na wapangaji wote twamwita hivyo, hata sisi tusio wajukuu zake. Vyumba kumi vimezunguka ua. Choo ni kimoja, mlango wake wa madebe yaliyopondwa, haufungi mpaka uuwekee jiwe kwa ndani. Pipa la maji nalo ni moja, na linajazwa na punda wa kutoka mtoni. Zamani, wanasema, punda alifika alfajiri. Tangu vita hivi vya shifta vianze na kafyu ianze, mwenye punda haji mpaka jua limepanda, kwa hiyo mara nyingi nakwenda kazini posta na uso wa jana.

Lakini lililonikera kuliko yote ni kuta. Hazifiki juu. Zimekoma kimo cha mtu na nusu, halafu ni uwazi hadi kwenye mabati, kutoka chumba cha kwanza hadi cha kumi. Ati ni kwa ajili ya hewa. Hewa haipiti. Vinavyopita ni kikohozi cha chumba cha pili, ugomvi wa mke na mume wa chumba cha nane, moshi wa udi, dua, na mlio wa cherehani ya jirani yangu wa chumba cha nne, fundi anayeitwa Langare. Mimi niko chumba cha tano. Cherehani ile ilikuwa inaanza kabla sijafumbua macho.

Miezi minane nimelala karibu naye namna hiyo, na sikuwahi kuingia chumbani kwake. Hata suruali zangu nilizotaka zipunguzwe kiuno, maana nimekonda huku, nilimpa Ayeyo ampelekee.

Nisiwe mtu wa kulalamika tu. Nyumba hii imenitendea wema pia. Mwezi wangu wa pili hapa malaria ilinilaza wiki nzima, na kila asubuhi nilipofungua mlango nilikuta kikombe cha bati kwenye kizingiti, chai ya maziwa ya ngamia, imefunikwa kisahani. Nilikunywa, nikarudisha kikombe palepale, nikafunga mlango. Sikuuliza ni cha nani. Nilikuwa nimechoka, kisha nikapona, kisha ikapita.

Sasa niandike na hili, ingawa linanitia haya. Nimekuwa nikiwacheka. Si usoni, kichwani tu, na katika barua kwa ndugu yangu kule Taita. Kiswahili ndicho nilichokuwa naongoza darasani, na hapa nilipofika nilikuta kila mtu anakivunja. Siku ya kwanza Ayeyo aliniambia, "Karani, baa nafuja kidogo." Nilisimama na sanduku langu mkononi nikijiuliza ni baa gani limeingia humu, na linafuja mali ya nani. Kumbe ananiambia paa linavuja. Ndugu yangu alinijibu kwamba alicheka mpaka akatokwa na machozi. Nami nikawa namtafutia vichekesho vingine. Mtu moja, kiti moja, ngamia moja, kila kitu kwa Ayeyo ni moja. Nilikuwa nasahihisha watu kimoyomoyo huku nikitikisa kichwa kwa heshima.

Basi Jumatatu Ayeyo akaja mlangoni kwangu. Askari wamemwambia wanataka kujua nani analala katika nyumba yake, kila chumba, kila mtu mzima. Yeye hajui kuandika. Akasema, "Karani, nataka wewe andika majina ya watu yote."

Nilifurahi kuliko ilivyostahili, na sababu naieleza. Yuko Inspekta mmoja hapa, kwao si mbali na kwetu, hupitia posta kuchukua barua zake na tumezoeana kwa salamu. Alikuwa ameniahidi kunisemea nipate chumba katika nyumba mpya za serikali kule bomani. Nyumba zenye bomba ndani. Nyumba zenye kuta zinazofika juu. Nimeziota kuta zile. Na Inspekta aliposikia naishi kwa Ayeyo, alisema, "Basi orodha hiyo iandike wewe, tuone kazi ya mkono wako."

Nikapiga mistari kwa rula. Wino mwekundu kwa namba za vyumba, wa buluu kwa majina. Sikuzunguka mlango kwa mlango, ilikuwa jua kali. Nilikaa na Ayeyo kivulini, yeye akichambua mchele kwenye sinia, mimi nikimuuliza.

"Chumba cha nne?"

"Langare. Fundi."

Hapo nikakumbuka posta. Barua huja kila baada ya wiki chache kutoka Mandera, zimeandikwa Yusuf Gedi, kwa mkono wa Halimo, na Ayeyo ndiye huja dirishani kuzichukua. Nikajiona mwerevu.

"Na huyu Yusuf Gedi wa barua, anakaa chumba gani?"

"Namba nne."

"Wote wawili chumba cha nne?"

Ayeyo hakuinua macho. Alitupa kijiwe kidogo nje ya sinia, akasema, "Ni moja tu, Karani. Moja tu."

Angesema mmoja, ningejua anasema mtu. Angesema kimoja, ningejua anasema chumba. Alisema moja, kama anavyosema siku zote, na mimi bingwa wa ngeli nikamchagulia ile niliyoitaka. Chumba ni kimoja tu, watu ni wawili, wanabanana. Isitoshe, nilikuwa na ushahidi wa masikio yangu. Kupitia juu ya ukuta nilikuwa nasikia sauti chumbani mwa Langare, moja inauliza, moja inajibu, mara nyingine zinabishana. Kisomali sikijui. Nikaandika kwa wino wa buluu, nambari nne: Langare, fundi cherehani. Yusuf Gedi, kazi haijulikani.

Kazi haijulikani. Maneno hayo nimeyaongeza mwenyewe. Nilidhani yanapendeza kwenye orodha.

Nikatia sahihi chini, na jioni hiyo Ayeyo akaipeleka.

Jumatano, jua halijachomoza, askari walikuja. Sote tulitolewa uani. Askari mmoja alishika orodha yangu akawa anaita. Kila aliyeitwa alijibu. Chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Langare."

"Ni mimi," akasema Langare, akachechemea mbele. Mguu wake wa kushoto ni mfupi. Ndiyo kwanza nilikuwa namwona akitembea hatua zaidi ya tatu.

"Yusuf Gedi."

"Ni mimi," akasema Langare.

Askari akamtazama. "Wewe umesema ni Langare."

"Haa."

Hiyo ni ndiyo ya Kisomali. "Nauliza Yusuf Gedi. Yuko wapi?"

"Ni mimi, afande."

Askari alidhani anafanyiwa mzaha. Wakaingia chumbani mwake, wakatoa godoro moja, mto mmoja, cherehani, vitambaa. Godoro moja kwa watu wawili, wakasema, basi mmoja halali hapa siku hizi. Kazi haijulikani. Nilimsikia askari akiyasoma maneno hayo kwa sauti, mara mbili, na kila mtu uani alijua anamaanisha nini. Kijana asiye na kazi, haonekani, barua zake zinatoka mpakani: shifta. Ayeyo akasogea akasema, "Afande, ni moja. Hii mtu ni moja tu." Akaambiwa arudi nyuma.

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, hatua sita tu kutoka kwa yule askari. Karatasi ilikuwa yangu. Mwandiko ulikuwa wangu. Langare aligeuka akanitazama, si kwa hasira, alinitazama tu kama anayengoja mtu aseme.

Nilinyamaza.

Wakamchukua. Waliondoka naye polepole kwa sababu ya mguu, na jambo hilo, la kumngoja atembee, lilikuwa baya kuliko kama wangemkokota.

Kazini siku hiyo nilijipa moyo. Nilijiambia huenda kweli anaficha mtu. Nilijiambia sauti ni mbili, nimezisikia kwa masikio yangu. Nilijiambia serikali ina njia zake za kujua, itamwachia kama hana kosa. Nilipanga barua kwenye visanduku vyao nikakosea mara tatu, mkubwa wangu akaniuliza kama malaria imerudi.

Jana, Alhamisi, Ayeyo alikuja dirishani. Gari la barua lilikuwa limefika na ilikuwapo ya Yusuf Gedi. Nikampa. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akanirudishia.

"Karani, hii barua ya Langare, nifanye nini nayo? Mama yake naandika. Yeye iko ndani."

Watu walikuwa nyuma yake wanangoja. Nilimuuliza kwa sauti ya chini, "Ayeyo, Jumatatu nilikuuliza. Ulisema ni moja."

"Haa. Moja. Mtu moja."

"Na zile sauti? Nasikia anaongea na mtu."

Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza jua linalala wapi. "Anabima nguo. Najiuliza, najijibu. Hii refu? Hii fupi? Fundi yote nafanya hifyo." Kisha akanieleza, taratibu, kwamba Langare si jina. Langare ni mwenye kuchechemea. Baba yake alimwita Yusuf, watu wakamwita Langare, na katika mji huu ukimtafuta mtu kwa jina alilopewa na baba yake utazunguka mpaka jioni.

Miezi minane. Ukuta mmoja. Mimi peke yangu uani mle ndiye niliyekuwa sijui jirani yangu ni mtu mmoja.

Na bado jana sikwenda. Niandike kweli, kama siandiki kweli hapa nitaiandika wapi? Nilitoka kazini nikielekea kituoni kwa Inspekta, nikafika kwenye kona, nikakumbuka kuwa aliniambia ufunguo wa chumba changu bomani utakuwa tayari Ijumaa. Nikasimama. Nikajisemea, nichukue ufunguo kwanza, ndipo niseme. Kisha nikajisemea, nikiisha kuhamia, nitasema vizuri zaidi, nikiwa mtu wa bomani. Nikageuza njia. Nilirudi nyumbani nikakaa na ukimya wa chumba cha nne. Nilikuwa naulaani mlio wa cherehani ile kila siku ya Mungu, na sasa masikio yalikuwa yanautafuta. Nililala vibaya.

Leo asubuhi nilipiga moyo konde. Sikusali sana, nilivaa tu. Nilimkuta Ayeyo uani amejifunga shuka lake vizuri, buibui juu, viatu miguuni. Alikuwa anakwenda kituoni peke yake. Hakunialika. Nilisema, "Ayeyo, twende." Tukaenda pamoja.

Inspekta alinipokea kwa furaha. "Karani, umekuja kuchukua mali yako," akasema, akafungua mtoto wa meza, akaweka ufunguo juu ya karatasi zake. Ufunguo mpya, una kijibao chenye namba. Niliutazama. Nikasema maneno yangu haraka kabla sijaugusa.

Nilisema orodha nimeikosea mimi. Nilisema mama huyu alinieleza sawasawa na mimi ndiye sikuelewa. Nilisema Langare na Yusuf Gedi ni mtu mmoja, na maneno yale ya kazi haijulikani niliyatoa kichwani mwangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, uso ukipoa. Akaivuta orodha kutoka kwenye faili. Sikujua mistari yangu ya rula ingeweza kunichukiza namna ile.

"Huyu tuliye naye, kipande chake cha utambulisho kinasema Yusuf Gedi."

"Ndiyo, afande."

"Sawa. Amekuwa Yusuf Gedi. Sasa Langare yuko wapi?"

Nilikuwa nimefikiri nikisema kweli mara moja itatosha. Nikamweleza kwamba Langare si jina, ni sifa, ni kuchechemea. Akasema hakuna mzazi anayemwita mwanawe Kuchechemea. Nikasema si mzazi, ni watu. Akasema watu gani. Tukazunguka hivyo, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana nimetumwa. Hatimaye akaniacha akamgeukia Ayeyo.

"Mama. Kwenu kila mtu ana majina mawili?"

"Kila mtu," akasema Ayeyo. "Mtu haina jina ya bili, hiyo watu hajamuona bado."

"Kila mtu ndani ya nyumba yako?"

"Yote."

"Na huyu karani?" akanionyesha kwa kalamu. "Huyu si Msomali. Naye mmemwita?"

Nilitaka kucheka, kwa sababu nilijua jibu. Mimi ni Karani. Lakini Ayeyo alikuwa ametazama chini, anakunjakunja pindo la shuka.

"Iko jina," akasema.

"Gani?"

"Albab."

Kulikuwa na askari mmoja mlangoni, kijana wa Isiolo anayekijua Kisomali. Alicheka kabla hajajizuia. Inspekta akamtazama. "Maana yake mlango, afande," akasema askari.

"Kwa nini mlango?"

Ayeyo alijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionikata maini. "Yeye siku yote nafunga. Nakuja kazi, nafunga. Nakula, nafunga. Hata akiwa mgonjwa alifunga. Langare nabikia chai, naweka chini, nagonga, narudi. Mlango nafunguka, mkono natoka, nafungwa."

Langare. Kikombe kile cha bati.

Inspekta hakucheka mara moja. Alinitazama, akatazama orodha, akatazama tena jina langu chini, refu, lenye sahihi ya mikia. Kisha akacheka kweli, akaegemea kiti. "Na mimi, mama? Mjini wananiitaje?"

"Wewe sijui," akasema Ayeyo, haraka sana, na sote mle ofisini tulijua kwamba anajua.

Ndivyo Langare alivyotoka. Si kwa ushahidi wangu, wala kwa kipande chake, bali kwa sababu bwana mkubwa alipatwa na kicheko siku ya Ijumaa. Alichukua kalamu akapiga mstari juu ya Langare, akaacha Yusuf Gedi. Akaniambia nikaandike orodha nyingine, safari hii niende kwa miguu yangu mlango kwa mlango, na jioni iwe imefika. Kisha akauchukua ufunguo akaurudisha mtotoni mwa meza.

"Mtu aliyekaa miezi minane asijue jirani yake ni wangapi," akasema, "bomani nitamweka karibu na nani?"

Nikiwa mkweli, niliumia. Naumia hata sasa. Zile kuta zilikuwa zangu kwa muda wa pumzi tatu.

Langare alitoka kwa mlango wa nyuma, kanzu imechafuka ubavuni, anachechemea zaidi ya Jumatano. Hakusema walimfanya nini, nami sikuwa na uso wa kumuuliza. Ayeyo alimpa bega. Mimi nilitembea upande wa pili nikijaribu kupunguza hatua zangu zilingane na zake, na sikuweza, kila mara nilikuwa mbele au nyuma. Tulipofika karibu na msikiti waliniambia nitangulie, wao wanakwenda kuswali. Nikatangulia.

Nimeandika orodha baada ya saa nane. Nilitoa kiti uani, nikakiona kiti ni kujikweza, nikakirudisha nikasimama. Nikaenda mlango kwa mlango. Ni ajabu jinsi chumba kinavyobadilika ukikitazama kutoka kizingitini. Kumbe mwanamke wa chumba cha nane, yule wa ugomvi, ana kitanda cha kamba kizuri kuliko vyote humu, na mume wake ni mzito wa kusikia. Ndiyo maana ya kelele. Kumbe kikohozi cha chumba cha pili ni cha mzee ambaye aliniuliza habari za nyumbani kwetu kana kwamba amengoja miezi minane kuniuliza.

Kwa Langare mlango ulikuwa wazi. Alikuwa chini, anaisafisha cherehani kwa kitambaa, vipande vyake vimetandazwa juu ya gunia. Walipoitoa Jumatano ilianguka, gurudumu limepinda kidogo. Nilisimama. Nilikuwa nimetunga maneno njiani, maneno mazuri ya kuomba radhi, yenye ngeli zote mahali pake. Yote yaliniponyoka.

"Nimekukosea," nikasema.

Aliendelea kufuta. "Haa," akasema.

"Sana."

"Haa."

Kisha akanyoosha mkono nyuma yake akachukua suruali zangu mbili, zimekunjwa, akanipa bila kuniangalia. Zilikuwa tayari tangu Jumanne. "Kama bado nakonda, rudisha," akasema. Nikauliza jina la kuandika. Akanitajia, Yusuf Gedi Warsame, na kazi yake, fundi. Nikaandika kazi inayojulikana. Sijui kama amenisamehe. Sidhani. Nimerudi hapa nikaacha mlango wazi na nimekuwa nikitega sikio tangu hapo, na cherehani bado haijalia, ila mara mojamoja namsikia akijiuliza kitu na kujijibu.

Na wasiwasi haujaniisha. Orodha safi haizuii mtu kuja alfajiri. Wiki ijayo wanaweza kuja na jambo jingine, na siku hiyo nitakuwa hatua sita kutoka kwa askari tena. Je, nitanyamaza tena? Nataka kuandika hapana. Nitaiandika siku hiyo ikishapita.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho kuandikwa. Ayeyo alikuwa amekuja kuchukua karatasi, amesimama nyuma ya bega langu kana kwamba anaisoma. Nikaandika kwa wino wa buluu, nambari tano, jina langu lote, la ubatizo na la baba, na kazi yangu posta.

"Hiyo namba tano?" akauliza.

"Ndiyo, Ayeyo."

"Umeandika jina yako."

"Nimeandika."

Sikumwona uso, lakini nilijua anajizuia kucheka.

"Na Albab, Karani? Naye iko hapo namba tano?"

Nikafunga kalamu.

"Ni moja tu, Ayeyo," nikamwambia. "Moja tu."